Baridi ya Pua ya Paka

Jumatatu, 3 Februari

Mie ni mtu wa bahati. Naliandika hili mwanzo, kabla chai haijapoa. Wako waliozaliwa na mali, wako waliozaliwa na sura, mie nimezaliwa na mkono. Mashine ya baridi nikiigusa inapona. Na ikipona hairudi. Muulize mtu yeyote kutoka Bububu mpaka Shangani: kazi ya Fundi Machano hairudi.

Leo kwa Bi Nasra, nyumba yake ya wageni, Kiponda. Chumba cha juu AC haipozi. Mgeni Mjerumani amekaa kitandani mwekundu kama aliyetolewa tanurini. AC yenyewe si ya zamani, ya mwaka jana tu, aina hii wanayoiita inveta. Nikapanda darini, juu ya paa, kwenye mashine ya nje. Geji ya kupimia gesi sikuitoa mkobani. Geji ya nini? Nikaweka kiganja kwenye bomba. Vuguvugu. Gesi imepungua. Nikatia. Nikagusa. Nikatia tena. Kipimo changu ni kimoja tangu nilipokuwa kwenye vyumba vya barafu vya meli: bomba liwe baridi na majimaji kama pua ya paka. Likifika pua ya paka, funga, teremka, kunywa juisi.

Nikaacha kitambaa changu. Kila mashine niliyoitengeneza nafunga utepe wa kanga kwenye bomba, fundo moja. Mafundi wengine wanabandika karatasi yenye namba ya simu. Karatasi inaliwa na jua. Kanga inakaa. Tatu, mke wangu, ananung'unika kuwa nammalizia kanga zake. Namwambia bahati yangu inatoka kabatini mwake, ashukuru.

Juisi ilikuwa ya ukwaju. Mjerumani alinipa mkono mara mbili. Joto la kaskazi limekaza. Mchana nimelala kama sultani.

Jumatano, 5 Februari

Siku mbaya.

Bi Nasra kaniita. Nikadhani kunisifu, nikavaa shati safi. Kumbe anabadilisha AC za vyumba vyote, zote inveta, zitafika kabla ya Ramadhani. Na waliomuuzia wamemwambia: ikiguswa na fundi asiye na cheti cha mashine hizi mpya, dhamana imekufa. Basi mwenye cheti Ramadhani ikiingia ndiye fundi wa nyumba. Asiye nacho, kwaheri.

"Chuo kipo Mtoni, asubuhi, wiki mbili na ushei," akasema. "Nshakuandikisha, Fundi."

Kaniandikisha. Mie. Kama mtoto anayeanza alifu.

Nimemjibu kwa adabu kwa sababu ni Bi Nasra. Njiani nikamjibu ninavyotaka, peke yangu, kwa sauti, mpaka muuza machungwa wa Darajani akaniuliza kama ninaongea na simu. Nikamwambia ndiyo, naongea na waziri.

Nyumba ya Bi Nasra ndiyo kazi yangu kubwa. Nikiandika kweli, ndiyo kazi yangu. Wateja wengine wananiita mara moja, halafu kimya. Mashine zao zimepona, bila shaka. Mtu aliyepona haendi hospitali.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya sala, barazani, kahawa. Nikawatangazia kuwa nimeitwa chuo cha Mtoni. Wakauliza kufanya nini. Nikasema kufundisha. Wakauliza somo gani. Baridi. Mmoja akasema, "Basi utupunguzie na hili joto, mwalimu." Wakacheka. Na mie nikacheka, tena zaidi yao.

Nyumbani Tatu hakucheka. Anapiga pasi. "Nenda ukasome, nenda ukafundishe, mume wangu, yote sawa. Lakini nenda."

Skuli niliiacha darasa la saba. Toka hapo nimesomea Muscat, Mombasa na Durban, ndani ya matumbo ya meli, na mwalimu wangu alikuwa Mgoa mlevi mwenye vidole vinne mkono mmoja. Alinifundisha kila kitu. Hakunifundisha kukaa kwenye dawati.

Naogopa. Nshaandika, basi.

Jumatatu, 10 Februari

Siku ya kwanza. Nimekwenda na vespa, nikaiegesha pale mwalimu anapoegesha. Nikaondolewa.

Karakana kubwa, inanukia mafuta na rangi mpya. Meza, mashine zimefunguliwa vifua. Vijana tupu. Wenye umri ni mie mwenye mvi na jamaa mmoja wa makamo, Baraka, mtu wa Kilimani, babu yake alitoka bara. Anatengeneza mafriji ya mahoteli. Amekaa karibu yangu akanikaribisha nusu ya chapati yake. Mtu mzuri.

Akaingia mwalimu. Ovaroli ya buluu, mtandio mweupe, bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala. Mwanamke. Akanitazama, akaja moja kwa moja mbele ya watu wote. "Shikamoo, ami Machano."

Zuhura. Mtoto wa jirani zetu wa zamani pale Bububu. Mama yake nimemtengenezea friji nikiwa na nywele nyeusi. Nikamwitikia marahaba. Sikujua mikono niiweke wapi.

Nikaamua kuchekesha. Nikawaambia vijana kuwa mie nimepoza nyama ya Waarabu, samaki wa Wachina na maiti ya Mgiriki mmoja, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Darasa likavunjika. Zuhura akangoja wamalize, kisha akaweka mizani mezani. Mizani hasa, kama ya duka la sukari. Akasema gesi inapimwa kwa uzito. Uzito umeandikwa kwenye mashine. Si zaidi, si pungufu.

Gesi kwa mizani. Nikanong'ona kwa Baraka kuwa kesho tutaambiwa tupime upepo kwa pishi. Alicheka, lakini akaandika.

Jumatano, 12 Februari

Kumbe inveta ina akili. Imetiwa ubao wenye taa ndogo, na taa zinapepesa, na kila kupepesa kuna maana. Umekosea kitu, inakuhesabia dhambi zako. Zuhura anataka tuzisome. Na karatasi iliyobandikwa ubavuni tuisome. Kiingereza.

Kiingereza changu cha bandarini: cha kununua, cha kuuza na cha kutukana. Cha kusoma hakimo. Nikasema miwani nimeisahau. Baraka akaniangalia miwani yangu, iliyokuwa mfukoni mwa shati, mbele kabisa. Akaanza kunisomea polepole, kama anajisomea mwenyewe.

Nikamlipa kwa hadithi ya bandari ya Durban. Nusu yake kweli.

Jioni Tatu kaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia wao ndio wanaojifunza kwangu. Akanitia wali zaidi. Ananijua.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi tamu, adhuhuri chungu.

Zuhura kaweka mashine ya zamani, ya miaka ile, inanguruma kama trekta. Akasema kila mtu aiguse aseme gesi inatosha au haitoshi. Vijana wakabahatisha. Nilipofika mie nikaweka kiganja, nikafumba macho, nikasema: imepungua, kidogo tu. Wakaunga geji. Imepungua, kidogo tu. Wakapiga makofi. Nikainama kama mwimbaji wa taarabu anayetuzwa.

Halafu kaweka inveta. Nikagusa. Nikasema imepungua sana. Mizani ikasema imejaa, barabara. Nikasema mizani imelewa. Zuhura hakubisha. "Haya ami, tia kama unavyotia kwa mteja."

Nikatia. Nikagusa. Si pua ya paka. Nikatia tena. Mashine ikaanza kulia sauti nyembamba, kama mtu anayeimba akiwa amebanwa. Nikatia tena kidogo. Ikazima yenyewe. Taa zikaanza kupepesa.

Akawaeleza wote, hakunielekezea mie. Ya zamani ilikuwa ama inakimbia ama imelala. Hii mpya inatembea. Chumba kikishapoa inapunguza mwendo, na ikipunguza mwendo bomba halitoi jasho. Anayepima kwa mkono atadhani ina njaa. Atailisha. Siku ile itapoza. Wiki mbili tatu, kompresa, moyo wa mashine, imekufa.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Nimerudi nikimfikiria Mjerumani wa tarehe tatu. Alinipa mkono mara mbili.

Jumamosi, 15 Februari

Nimepita Kiponda, ati nasalimia. Bi Nasra yuko nje, dari wazi. Nikapanda.

Mashine ya chumba cha juu inafanya kazi, taratibu, inatembea kama Zuhura alivyosema. Lakini kitambaa changu hakipo. Bomba limefungwa upya kwa utepe mweusi, safi, duru kwa duru. Kazi nadhifu. Siyo yangu.

Nikamuuliza msichana wa usafi nani kapanda huku. Akasema hajui, labda paka. Paka wa Mji Mkongwe wana mengi, lakini kufunga utepe mweusi bado.

Nimekwenda Forodhani na Tatu kula mishikaki. Nilisema maneno machache. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Na yeye anapima kwa mkono. Nikamwambia niko sawa.

Jumatatu, 17 Februari

Sijui niandikeje. Niandike hivyo hivyo.

Nyuma ya karakana kuna rundo la mashine zilizokufa. Zuhura anazikusanya mjini, watu wanampa bure, anafundishia. Leo kila mtu achague maiti yake, aipasue, aseme imekufa na nini.

Baraka akaburuta ya kwanza. Kwenye bomba kuna kitambaa. Kanga, ya rangi ya machungwa, madoadoa meusi, fundo moja. Kijana mmoja akapiga kelele, "Huyo! Fundi Kanga!" Wakaanza kupekua rundo kama kuku jaani. Nyengine ina kitambaa cha kijani. Nyengine chekundu. Nyengine kimepauka hakina rangi tena.

Kumbe wanamjua. Kumbe darasa lililotangulia lilimjua. Fundi Kanga, anayezilisha inveta mpaka zinapasuka. Hawamjui sura. Wanajua fundo tu. Mmoja akasema labda ni mganga, anafunga majini. Mwengine akasema hapana, ni mchumba, anaziachia zawadi ya mwisho.

Nilicheka. Nikasema Fundi Kanga bila shaka ana wake wanne, hizi ndizo talaka zao. Walianguka kwa kucheka. Mie ndiye niliyechekesha zaidi.

Zuhura hakucheka. Alikuwa anatazama chini.

Ya machungwa Tatu aliivaa harusi ya mdogo wake. Ya kijani nilifunga kwenye AC ya duka la dawa, Mlandege. Nyekundu ya Bi Nasra, mwaka jana. Nazijua zote. Zimetoka kabatini mwa Tatu.

Jumanne, 18 Februari

Sikwenda. Nimesema tumbo.

Nimekaa uwani. Nimemwambia Tatu kila kitu, hata ule mzaha wa talaka. Nilidhani atalalamikia kanga zake. Wapi. Akamenya muhogo, akaniwekea mwengine mbele yangu, nikaumenya na mie. Kisha, "Utakwenda kesho?"

Sijui.

Nina hasira na Zuhura kwa kujua, maana macho yake jana yalinikwepa. Nina hasira na wenye mashine kwa kunyamaza. Fundi ukimharibia mtu, akutukane. Ndiyo haki yake. Hawa wamekuwa wakinipisha njiani, shikamoo fundi, hujambo fundi, na mashine yangu iko jaani Mtoni.

Jumatano, 19 Februari

Nimekwenda kwa Bi Nasra badala ya chuo. Sikuzunguka. Nikamuuliza nani kaondoa kitambaa changu chumba cha juu.

"Keti, Fundi."

Nikaketi. Akamimina kahawa mwenyewe, hakumwita msichana. Akaanza mbali. Marehemu mumewe alikuwa na sukari, dawa yake lazima ikae baridini. Friji ikafa siku ya Iddi mosi. Mafundi wote wako kwenye sikukuu, simu zimezimwa. Nilikuja mie na kanzu mpya, nikalala sakafuni jikoni kwake, nikaondoka kanzu nyeusi kama ya mchoma makaa. Na sikutaka hata soda.

Mie nilishasahau. Nakumbuka ile kanzu tu.

"Basi nikikuita unakuja, unatengeneza, unafurahi, unakunywa juisi yako," akasema. "Ukishateremka, namwita Zuhura."

Nikamuuliza tangu lini. Tangu inveta ya kwanza. Zile zilizokufa ni zile Zuhura alizochelewa. Ya Mjerumani aliiwahi kesho yake, akaipunguza gesi.

Nikamwambia angenitukana tu.

"Niliona haya, Fundi. Lakini sasa zinakuja mpya zote. Siwezi kuzizika zote kwa ajili ya kanzu moja."

Kasema kweli. Kahawa sikuimaliza. Kwenye vichochoro vya Kiponda nililia kidogo. Joto lilisaidia, uso mzima maji, mtu hajui lipi ni lipi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimerudi chuo. Vespa nimeiegesha mbali.

Zuhura hakuuliza tumbo. Akanisukumia mizani na pampu. Nikaenda mwenyewe kwenye rundo nikatoa ile yenye kitambaa chekundu. Nikaipasua. Mafuta ndani meusi, yananuka kama kitunguu kilichoungua. Waya za kompresa zimekaangika. Niliiua mimi, kwa huruma, nikidhani ina njaa.

Vijana wakaanza tena, haya Fundi Kanga leo kamtokea mzee. Mie nikazidi kuchokonoa waya. Baraka alikuwa ananitazama. Mkoba wangu wa vyombo ulikatika mkanda siku nyingi, nimeufunga kwa kanga. Nyekundu ile ile. Akautazama mkoba, akaitazama mashine, akarudi kwenye mkoba.

Nikangoja.

"Jamani, muwacheni Fundi Kanga," akasema. "Mie mwaka jana nimeziua ngapi, basi tu sikuzifunga kitambaa. Na nyie zenu ziko wapi? Hebu semeni."

Kila mtu akainamia maiti yake.

Mtu wa chapati nusu. Mungu amzidishie.

Jumatatu, 24 Februari

Mazoezi, mazoezi. Unga pampu, vuta hewa yote itoke, subiri. Subiri hasa. Mie maisha yangu yote nikiisukuma hewa nje kwa gesi kidogo, pss, tayari. Sasa nakaa juu ya ndoo nikiangalia mshale wa geji kama mvuvi asiye na chambo. Zuhura anasema hewa ikibaki ndani ina maji, na maji yanaila mashine pole pole. Na gesi hii mpya inashika moto, siyo ya kuchezea. Nimezima sigara. Nimeiacha kabisa, siyo karakanani kwa Zuhura tu.

Shida yangu ni mkono. Unakwenda wenyewe. Nikishamaliza kupima kwa mizani, kila kitu sawa, unajikuta uko kwenye bomba unatafuta pua ya paka. Halafu moyo unasema: tia kidogo.

Leo Zuhura kaniona. "Ami, tia mkono mfukoni."

Nimetia. Ovaroli ya kuazima ina mfuko uliotoboka, nikashika paja langu. Angalau si bomba.

Jumatano, 26 Februari

Mtihani.

Mkaguzi mgeni, mtu wa makamo, haongei, ana kalamu mbili. Nikataka kumtolea ile ya maiti ya Mgiriki. Nikaiacha.

Mikono kwanza, yaani vitendo. Inveta, tupu, haina gesi. Nikaunga pampu. Nikasubiri. Mkaguzi akaenda kwa wengine, akarudi, bado nasubiri. Nikasoma uzito ubavuni, namba ninazijua, Kiingereza chake Baraka alinikaririsha. Nikaweka chupa ya gesi mizanini. Nikatia mpaka pale, nikafunga. Nikawasha. Bomba likawa pale karibu, linaning'inia, vuguvugu. Kila kitu ndani yangu kikasema gesi haitoshi. Mkono mfukoni. Nikamwambia mkaguzi nimemaliza. Sijawahi kusema neno hilo nikiwa sina uhakika. Akaunga geji zake. Akaandika.

Nimepita mikono.

Mchana karatasi. Maswali ya taa, zikipepesa mara ngapi maana yake nini. Nimejibu ninayoyajua, yaliyobaki nikayatazama. Sikutazama kwa Baraka. Angeniruhusu, ndiyo maana sikutazama.

Karatasi nimeshindwa. Zuhura kaniambia mwenyewe, nje, karibu na lile rundo. Nitaruhusiwa kuirudia baada ya Iddi, karatasi tu. Cheti mpaka hapo hakuna. Baraka kapita yote.

Nimempa Baraka mkono. Ilikuwa kazi, lakini nilimpa mara mbili, kama Mjerumani.

Alhamisi, 27 Februari

Nilimchukua Baraka nikampeleka Kiponda. Nikamwambia Bi Nasra: huyu ana cheti. Mpe nyumba. Mie ntamshikia mizani na chupa mpaka nirudie karatasi, nikipita tutazungumza, nisipopita, mwenye kazi ndiye huyu.

Bi Nasra akamuuliza Baraka kama anakubali kufanya kazi na mimi.

"Mzee akiacha hadithi za Durban," akasema Baraka.

Nikasema hilo si sharti la haki. Bi Nasra akacheka, mara ya kwanza tangu ile kahawa.

Barazani wameuliza kufundisha kunakwendaje. Nikawaambia nimefeli karatasi. Wakadhani mzaha. Nikarudia. Mmoja akanisogezea kashata.

Tatu kasikia yote, kaniuliza kama nimeona uchungu. Ndiyo. Basi.

Ijumaa, 28 Februari

Mjini watu wanaongea mwandamo wa mwezi tu. Wengine wanasema leo, wengine kesho. Soko la Darajani limejaa tende.

Tumefunga AC mbili leo, mie na Baraka, baada ya sala. Yeye anafungua, anasoma, anapima. Mie nashika mizani isiyumbe, nasoma namba kwa sauti. Pampu inavuta, tunakaa darini kwenye kivuli cha tangi la maji, tunasubiri. Paa za mabati mpaka baharini. Paka mmoja kaja kulala kwenye boksi la mashine mpya. Nikamgusa pua. Baridi, majimaji. Angalau yeye hajabadilika.

Tulipomaliza nikapeleka mkono mkobani kutafuta kitambaa. Mazoea. Nikaurudisha. Baraka akafunga kwa utepe mweusi, duru kwa duru. Mie nikashika ncha.

Bi Nasra katuma juisi, gilasi mbili. Alipokuja kuzichukua akaangalia bomba, akauliza kanga yangu iko wapi leo. Nikamwambia zimerudi kabatini.

Nyumbani nimemwambia Tatu ile ya machungwa siwezi kumrudishia. Akasema anajua, ndoa yenyewe ilishavunjika.

Nimefungua kurasa za nyuma. Tarehe tatu nimeandika humu kuwa mie ni mtu wa bahati na kazi zangu hazirudi. Uwongo. Zilikuwa zinarudi. Zinarudi kwa Zuhura.